Kosa Langu la Tafsiri Limezaa Kodi ya Urithi, na Sasa Mama Anauza Kibanda

Mama Jepkoech,

Nakusalimu kutoka Lodwar, na kabla sijasahau nakuomba usilitoe jina langu wala la ofisi yangu, kwa sababu mji wetu ni mdogo na gazeti lako huku linasomwa hata baada ya kufungiwa sukari. Niazime akili yako maana yangu imegoma. Sijui nianzie wapi, kwa hivyo nitaanzia kwenye neno kodi, ambalo ndilo lililoniponza.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, nina kandarasi ya miezi sita kwenye ofisi moja inayoshughulika na ushuru wa masoko, kazi yangu ni kuandika risiti na kupanga faili na, kwa kuwa bosi wetu ni mtu wa Kiingereza na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, kumtafsiria anapoongea na watu. Baba yangu, Ereng, alifariki mwezi wa tano. Alikuwa na kibanda soko la Kakuma, anauza sukari, majani ya chai, tumbaku, shanga na betri za tochi, na wateja wake wengi ni wachungaji wanaoingia kutoka Lopur, wanaomjua kwa jina na yeye anawajua mpaka mbuzi wao. Sasa mama ndiye anakaa pale, ingawa kwenye vitabu vya soko jina bado ni la baba, na kusema kweli sisi sote tunakula kutoka kwenye kile kibanda, hata mimi mwenye mshahara, kwa sababu mshahara wa kandarasi unaujua ulivyo.

Sasa, Mama Jepkoech, mwaka huu kaunti ndizo zimeanza na kila ada inaandikwa upya, na sheria inasema wananchi waulizwe maoni yao kabla ya kitu kupitishwa. Siku moja asubuhi bosi akanipa jedwali la kurasa nne, lote Kiingereza, akasema saa sita liwe limekuwa Kiswahili kwa sababu gari la kwenda kulibandika Kakuma linaondoka saa saba. Nikaandika mbio mbio. Mstari wa kumi na saba ulikuwa mzuri, mama, nakuapia ulikuwa mzuri, ulisema kwamba mwenye kibanda akifa mrithi wake ataendelea kulipa kodi ile ile ya kila mwezi bila kuomba kibanda upya na bila kuongezewa chochote. Ulikuwa mstari wa kuwahurumia watu kama sisi. Lakini kisanduku cha kuandikia kilikuwa kidogo, na wewe unajua kwamba kwa Kiswahili kodi ni ile unayompa mwenye nyumba mwisho wa mwezi, na kodi pia ni ile inayochukuliwa na serikali, neno ni hilo hilo moja, basi mimi nikaona maneno hayatoshi, nikaandika "Kodi ya urithi", na kando yake nikaacha ile bei ya mwezi, nikaendelea na mstari wa kumi na nane ambao ulikuwa wa choo cha soko.

Karatasi zilibandikwa Jumatatu. Kufikia Jumatano hadithi ilikuwa imefika kambini kwa wakimbizi na imezunguka mpaka Nakalale, na huko ilifika ikiwa imenenepa, watu wanasema serikali mpya itakuwa inakuja matangani na kalamu, inahesabu sufuria za marehemu. Baba mdogo, Lomuria, ndugu yake baba, alisikia akiwa kwake Lorugum, akapanda pikipiki mpaka Lodwar na pickup mpaka Kakuma, hakuniuliza kitu, na mimi sikujua yuko njiani.

Jumamosi tukawa na mkutano wa maoni kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi nimesimama mbele kando ya bosi, nimeshika ile karatasi yangu, na nilipofika mstari wa kumi na saba nikausoma kwa sauti na hapo hapo nikasikia mwenyewe nilichoandika. Nikataka kusema ngojeni, lakini ukumbi wote ulikuwa umeshasimama, na aliyepewa nafasi ya kwanza kuzungumza ni baba mdogo. Nakuandikia maneno yake vile alivyoyasema kwa sababu mpaka leo hayanitoki.

"Ejok, watu ya Kakuma. Mimi iko na swali moja tu. Ndugu yangu Ereng alinunua mbuzi Lorugum, kwa mnada akalipa ushuru. Akaleta mbuzi hapa, akauza, akalipa ushuru. Ile pesa akanunua sukari, na sukari ilikuja na kodi ndani ya gunia. Akaweka kwa kibanda, kibanda nalipa kila mwezi. Hii mali imelipa mara nne na mwenyewe alikuwa hai. Sasa ameenda. Hii ya tano ni ya nini? Kwani kufa ni biashara?"

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Kisha akasimama Abdikafi, yule muuzaji wa jumla ambaye baba alikuwa anachukua sukari kwake miaka yote, mtu mpole asiyependa mikutano, akasema, "Wallahi mimi sikatai kulipa. Ushuru ikiwa kidogo, lori yangu inapita kizuizini, nalipa, naenda. Ikipanda sana, kuna wenye lori wanashusha mzigo huko mbele ya kizuizi, punda zinabeba, na serikali inabaki na kile kijana wa kushika kamba ya kizuizi tu. Punguza, watu watalipa wote. Ongeza, watalipa wajinga." Wakampigia makofi mpaka mchungaji wa kanisa akachungulia dirishani.

Na mimi kazi yangu ilikuwa kumtafsiria bosi. Nikamwambia wanasema hawataki kodi ya urithi. Akaniuliza kodi gani ya urithi. Nikamwonyesha mstari kwa kidole tu, kwa sababu sikujua niseme nimekosea mbele ya watu mia mbili na mama yangu yuko kiti cha tatu. Akauangalia, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Tukiwa ndani ya gari kurudi Lodwar akaanza kusema peke yake, kwamba watu wakilalamikia kitu namna ile basi kitu hicho kina pesa, na kwamba wenye vibanda wengi ni wazee. Mimi nilifungua mdomo nimweleze mara tatu. Mara ya kwanza tuliruka shimo, mara ya pili simu yake ililia, na mara ya tatu nikaomba maji ya kunywa.

Alhamisi iliyofuata jedwali jipya likaja mezani kwangu, na pale mstari wa kumi na saba, kwa Kiingereza safi kabisa, imeandikwa kwamba mrithi wa kibanda atalipa sehemu moja kwa kumi ya thamani ya mali iliyomo, ndani ya siku tisini, asipolipa kibanda apewe mtu mwingine. Akaniambia nitafsiri. Akacheka akasema jina la Kiswahili tayari ninalo. Akasema pia kwamba nimefanya kazi nzuri na kandarasi yangu itaongezwa, na kwamba nitapewa gari niende Nakalale kuwaelimisha watu. Yaani mama, mimi nilikosea Kiswahili, na kosa likatafsiriwa kurudi Kiingereza, na sasa ni kitu cha kweli kilicho na siku tisini. Rasimu inapelekwa mbele mwisho wa mwezi huu, na maoni ya wananchi yanapokelewa mpaka siku hiyo.

Ningekuwa na hilo tu ningelia nikamaliza. Lakini mama yangu hajui kusoma, yeye alisikia tu kwa masikio yake mtoto wake akisoma mbele ya kanisa kwamba kuna kodi ya urithi, na kwa hivyo aliamini, kwa sababu mtoto wake ni mtu wa ofisi. Akapiga hesabu zake, jina la kibanda ni la marehemu, kwa hivyo yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni. Wiki iliyopita alienda kwa Abdikafi akamwomba anunue kibanda chote na mali yake kabla sheria haijafika. Abdikafi hakutaka. Alimwambia, "Mama, mimi nikinunua leo, hujaniuzia kibanda, umeniuzia woga yako. Ngoja mpaka Idi, kama bado unataka, nitanunua kwa bei ya haki." Mama alinipigia simu kunieleza akaniambia, "Mimi nataka uza nikiwa bado nauza mwenyewe. Ereng alikuwa nalipa, nalipa, nalipa. Sasa yeye iko chini ya mchanga na bado nadaiwa. Mimi nitarudi Lopur na mbuzi nane, hakuna mtu nahesabu mbuzi ya Lopur." Nilisema mtandao ni mbaya nikakata.

Na baba mdogo naye amekuwa mtu mkubwa. Anazunguka na daftari anakusanya alama za vidole gumba, watu wanamnunulia chai, wanasema awe mwenyekiti wa soko. Nikitoka leo niseme haikuwepo kodi yoyote, ni mimi tu na kisanduku changu kidogo, atachekwa kutoka Kakuma mpaka Lorugum, na yeye ndiye aliyenilipia karo ya sekondari. Nisiposema, mama anauza. Nikisema ofisini, kandarasi imekwisha. Na kuna kingine kinachonichanganya kuliko vyote, nacho ni kwamba sijui hata kama ninachokipinga ni kibaya. Bosi aliniuliza, bila kodi nani atachimba kisima, nani atalipa nesi, na nani atanilipa mimi? Mshahara wangu ni ushuru wa mama yangu na wa Abdikafi. Baba mdogo anataka ushuru wote ufutwe, hata ule wa choo, na najua hiyo haiwezekani. Basi niambie, mama, kodi ya urithi ni mbaya kweli, au naiona mbaya kwa sababu ni ya mama yangu? Na kama ni mbaya, nimwambie nani kwanza?

Ni mimi niliyechanganyikiwa,
Lodwar.

*

MAMA JEPKOECH ANAJIBU

Binti yangu wa Lodwar, nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilivua miwani, kwa sababu nilimwona mama yako kwenye kiti cha tatu.

Pole kwa kufiwa. Hilo nalisema kwanza, maana barua nzima umemtaja baba yako kama jina kwenye kitabu cha soko, na nahisi hujapata hata nafasi ya kumlilia. Sasa nikugombeze.

Kosa la kwanza halinisumbui. Nilikaa miaka ishirini na sita kwenye masijala ya mahakama, meza ya mirathi, na nimeona makarani waliosomea kazi wakiandika "marehemu" mahali pa "mlalamikaji" na mtu mzima mwenye afya akalazimika kuja na barua ya chifu kuthibitisha kwamba anapumua. Kazi ya asubuhi moja kwenye kurasa nne lazima itoe kosa. Neno kodi limewaponza wengi kabla yako. Kosa linalonisumbua ni lile la kuomba maji. Ulikuwa na barabara yote ya Kakuma mpaka Lodwar, nayo naijua ilivyo, haiishi haraka, ukakubali shimo moja na simu moja vikunyamazishe. Na tangu siku hiyo umenyamaza kwa sababu ya kandarasi, umeiita huruma kwa baba mdogo. Usinidanganye, na usijidanganye mwenyewe. Mama yako anauza kibanda kwa sababu ya woga ulioandikwa kwa mkono wako, na kati ya Lodwar na Kakuma ni wewe peke yako unayejua woga huo ulitoka wapi.

Sasa swali lako, kama kodi ya urithi ni mbaya kweli au ni mbaya kwa kuwa ni ya mama. Ni swali la mtu mwenye akili, na nakupa jibu langu, wengine watakuwa na lao. Mimi naona ni mbaya hata kama mama yako angekuwa na ghorofa.

Nchi hii iliwahi kuwa na kodi ya mali ya marehemu, ikafutwa mwaka wa themanini na mbili. Mimi nilianza kazi kabla haijafutwa, nikiwa msichana kama wewe. Namkumbuka mjane mmoja aliyeachiwa ploti, lori bovu na kinu cha kusaga mahindi. Alikuwa na mali, ndiyo, kwenye karatasi alikuwa na mali nyingi. Pesa mkononi hakuwa nazo, zilikuwa zimeishia hospitali na kwenye mazishi. Aliuza injini ya kinu ili alipie nyumba ya kinu. Alikuja kunionyesha risiti, imekunjwa vizuri ndani ya kitambaa, akaniuliza sasa atasaga kwa risiti?

Hiyo ndiyo shida yake, binti yangu. Kodi nyingine humkuta mtu akiwa anapata. Unauza mbuzi, una pesa, unatoa kidogo, unaenda. Hii humkuta mtu akiwa amepoteza. Haiulizi umepata nini mwezi huu, inauliza nani amekufa. Na kwa kuwa sukari iliyo rafuni huwezi kuikata kipande ukampelekea karani, mrithi analazimika kuuza, tena kuuza haraka, na anayeuza haraka anauza kwa bei ya mnunuzi. Baba yako mdogo alisema mali ile imelipa mara nne. Hakuna mtaalamu atakayelisema hilo vizuri kuliko yeye, hata akija na kompyuta.

Utaambiwa kwamba inawalenga matajiri, wenye vibanda kumi na viwili. Nami nakuambia kutoka kwenye ile meza yangu, mwenye vibanda kumi na viwili hafi akiwa na kibanda hata kimoja. Ana wakili, ana mpwa benki, na akianza kukohoa tu kila kibanda kina jina la mtoto. Anayekufa jina lake likiwa bado kitabuni ni Ereng. Kwa hiyo kodi iliyoandikwa kwa ajili ya tajiri itaenda kubisha kwa mama yako, kwa sababu ndiye aliyeko nyumbani.

Na kisima? Usilidharau swali la bosi wako, ni la haki. Baba mdogo akitaka kila kitu kifutwe, hata cha choo, mwambie akafagie hicho choo yeye mwenyewe. Kisima kinataka pesa na nesi anataka mshahara. Lakini angalia, mama yako akiwa kibandani analipa mwezi huu, na ujao, na miaka kumi ijayo, na wachungaji wa Lopur wananunua kwake, na Abdikafi anamletea mzigo na lori lake linalipa kizuizini. Mtoe mama yako kwa ile sehemu moja kwa kumi. Umepata pesa mara moja, ukapoteza za kila mwezi, na yeye amerudi Lopur na mbuzi nane wasiohesabiwa na mtu. Hicho kisima kitachimbwa na nini mwaka wa pili? Abdikafi amekueleza yote bure. Ushuru mdogo unaolipwa na wengi unaijaza ofisi kuliko mkubwa unaolipwa na wasiojua njia ya punda. Hapo ndipo mshahara wako unapotoka, na kwa hiyo ukiitetea kodi ndogo huumi mkono unaokulisha.

Basi, utafanya nini? Umeniuliza umwambie nani kwanza. Mama yako. Si kwa simu, wala usiniletee mambo ya mtandao mbaya. Panda gari Jumamosi uende Kakuma, ukae naye ndani ya kibanda, umwambie kwa lugha yenu ya nyumbani: mama, nilikosea neno. Mweleze mstari ulikuwa unasema nini, na mweleze pia ukweli mchungu kwamba sasa bosi ameupenda na unaweza kuwa wa kweli, ila haujapitishwa, na mpaka upitishwe hadaiwi hata shilingi ya ziada. Atakukasirikia. Mwache akukasirikie mpaka amalize. Kisha mpitie Abdikafi mkiwa wote wawili, mumwambie hakuna cha kuuza, na mumshukuru, kwa sababu wapo ambao wangenunua siku ile ile na kuongeza chai.

Ukitoka hapo mtafute baba mdogo, mwite pembeni, usimweleze mbele ya watu wanaomnunulia chai. Unaogopa atachekwa. Mimi naona umemdharau. Alisimama akapinga kitu ambacho siku ile hakikuwepo, kweli. Leo kipo. Hotuba ilifika mapema kuliko kodi, hiyo tu. Zile alama za vidole gumba zina kazi sasa, nazo zina kazi kubwa kuliko alivyofikiri, ila abadilishe mstari wa juu wa daftari, asiandike "hatutaki ushuru", aandike "tunataka mstari wa kumi na saba urudi ulivyokuwa". Ofisi haiwezi kujibu watu wanaokataa kila kitu. Wanaotaja mstari mmoja kwa namba yake, itabidi wajibiwe.

Ndipo uende kwa bosi. Mapema, asubuhi, kabla hajafungua simu. Peleka karatasi tatu zimebanwa pamoja: lile jedwali la kwanza la Kiingereza, tafsiri yako yenye kosa, na lile jipya. Mwambie, bwana, watu wa Kakuma walitoa maoni yao juu ya kosa langu, hawakutoa juu ya hiki kipya, na kikipelekwa hivi atakayeulizwa ni wewe. Hilo litamwingia kuliko machozi. Nakala za karatasi hizo pamoja na maelezo yako ya ukurasa mmoja, yenye jina lako na sahihi yako, ziwasilishe kama maoni ya mwananchi kabla ya mwisho wa mwezi, upigiwe muhuri wa kupokelewa. Karani asiye na muhuri ni mpiga domo tu. Na wewe kuwa mfanyakazi wa ofisi hakukufanyi usiwe mwananchi.

Kandarasi inaweza kwenda. Sitakudanganya kwamba haitakwenda. Lakini kandarasi yako ina miezi sita na kibanda cha Ereng kimewalisha tangu hujazaliwa, kwa hiyo wewe mwenyewe pima. Na safari ya Nakalale, ikiwa ni ya kwenda kuwaambia wajane kwamba kifo kina ada, usipande hilo gari. Tena, mpeleke mama yako kwa chifu apate barua ya kuwatambua warithi, mwanze kubadilisha jina la kibanda kwa njia yake. Jina la marehemu likikaa kitabuni muda mrefu huwapa watu mawazo, na umeona mwenyewe mawazo yanavyoota.

Lililobaki ni Kiswahili chako. Umeniambia bosi ametaka uutafsiri tena mstari ule. Utafsiri, basi, ule wa kwanza, kama ulivyokuwa, na uuweke kwenye maoni yako ili kila mtu auone. Nimekuandikia hapa, unakili neno kwa neno: Mwenye kibanda akifa, mjane wake au mtoto wake ataendelea na kibanda hicho kwa kodi ile ile ya kila mwezi, wala hatatozwa kitu chochote kwa sababu ya kifo hicho.

Maneno yakikataa kutosha ndani ya kisanduku, binti yangu, chukua rula uchore kisanduku kikubwa.